Sinema za Kiangazi cha 2023: Kutoka Maoni hadi Uhakiki

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa wa karatasi ya tatu, makala haya yanahusu sinema na vipindi vya runinga. Huenda ukauliza mambo hayo yameingiaje katika kurasa za uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Yameingia kwa sababu ya jambo ambalo kila mwalimu wa Kidato cha Tatu amelishuhudia. Mwanafunzi asiyeweza kuandika ukurasa mmoja kuhusu riwaya teule bila kuchungulia mwongozo ndiye huyo huyo anayebishana wakati wote wa mapumziko kuhusu sinema aliyoitazama likizoni. Ana maoni. Ana mifano. Anakumbuka nani alitenda nini, wapi na kwa nini. Kengele ikilia, anarudi darasani na kuandika kwamba mwandishi amefaulu kutumia mbinu rejeshi, anatia nukta, kisha anasubiri alama.

Dai la makala haya ni kwamba maoni ndiyo mbegu ya uhakiki, ila mbegu si mmea. Ili maoni yawe uhakiki, yanahitaji mambo matatu. Kwanza, ithibati kutoka katika kazi yenyewe. Pili, maelezo ya kazi ambayo kila mbinu inafanya. Kuitaja tu hakutoshi. Tatu, swali kuhusu sauti zisizosikika: ni nani amenyimwa nafasi ya kusema? Nitayaeleza haya kwa kutumia kazi za msimu mmoja, yaani kiangazi cha 2023 huko Marekani.

Kwa nini msimu huo? Kiangazi chao huanguka kati ya Juni na Agosti, sisi huku tukiwa katika kipupwe. Shule za kwao hufungwa, na kampuni za filamu hutoa kazi zao kubwa wakati huo ili zipate watazamaji wengi. Kiangazi cha 2023 kilikuwa cha aina yake. Filamu mbili zisizofanana hata kidogo, Barbie na Oppenheimer, zilitoka siku moja, tarehe 21 Julai. Kipindi cha The Bear kilirudi na msimu wake wa pili. Mkusanyiko wa filamu fupi za Kiafrika ulitoka ukiwa na jina la Kiswahili. Isitoshe, waandishi na waigizaji wenyewe walikuwa katika mgomo. Miaka imepita na kelele zimetulia, hivyo twaweza kuzitazama kazi hizi kwa utulivu.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Oppenheimer iliwekewa daraja la R huko Marekani, na The Bear pia ni ya watu wazima. Sipendekezi zionyeshwe darasani. Mtahiniwa ataweza kuyafuata makala haya bila kuzitazama, kwa kuwa nitasimulia kila ninachokirejelea.

Barbie: hotuba na benchi

Barbie iliongozwa na Greta Gerwig, aliyeandika mswada wake pamoja na Noah Baumbach. Mwanasesere Barbie alianza kuuzwa na kampuni ya Mattel mnamo 1959. Katika filamu, Barbie, anayeigizwa na Margot Robbie, anaishi katika nchi ambamo wanawake ndio marais, majaji na madaktari, nao wanaume, karibu wote wakiitwa Ken, hawana kazi maalumu wala nyumba zao. Siku moja katikati ya densi Barbie anawaza kuhusu kifo. Kuanzia hapo mambo yanaharibika: nyayo zake zilizozoea kusimama kwa vidole zinalala chini. Analazimika kusafiri hadi ulimwengu wa kweli kutafuta chanzo. Ken, anayeigizwa na Ryan Gosling, anamfuata, na huko anagundua kuwa wanaume ndio wenye usemi. Anaibeba taasubi ya kiume mpaka kwao kama mtu aliyenunua kitu kipya mjini.

Maoni niliyoyasikia zaidi kuhusu filamu hii ni kuwa inawachukia wanaume. Haya ni maoni halali, lakini ithibati iko wapi? Anayesema hivyo atataja jinsi akina Ken wanavyochekwa na jinsi bodi ya kampuni inavyoonyeshwa ikiwa na wanaume watupu walio wajinga. Sawa. Lakini mhakiki anatakiwa kutazama pia yale yanayopinga dai lake. Karibu na mwisho, Barbie anamwomba Ken msamaha na kumshauri ajitafute yeye mwenyewe, asiishi kama kivuli cha mtu. Akina Ken wanapoomba nafasi katika mahakama ya juu, wanaambiwa labda waanze na mahakama ya chini. Watazamaji hucheka, lakini kicheko hicho ni tashtiti inayokata pande mbili: ndivyo wanawake wa ulimwengu wa kweli walivyojibiwa miaka mingi. Nchi ya Barbie basi ni kioo kilichogeuzwa. Ukiona dhuluma kwa Ken, umeiona dhuluma yenyewe.

Sasa tuje kwenye mbinu. Filamu hii ina sehemu mbili zinazoeleza dhamira moja kwa njia tofauti. Ya kwanza ni hotuba ndefu ya Gloria, mfanyakazi wa Mattel anayeigizwa na America Ferrera. Anaorodhesha masharti yanayokinzana ambayo mwanamke hutakiwa kuyatimiza, na hotuba hiyo ndiyo inayowazindua akina Barbie waliopumbazwa. Ya pili ni fupi mno. Barbie ameketi kwenye benchi katika kituo cha basi. Anamtazama ajuza aliye kando yake, kiumbe asichowahi kukiona kwao kwa kuwa kwao hakuna anayezeeka. Anamwambia kuwa yeye ni mrembo. Ajuza anajibu kuwa analijua hilo. Basi.

Ni sehemu ipi bora? Wengi walisifu hotuba. Mimi naichagua benchi. Hotuba inamweleza mtazamaji anachopaswa kufikiri, nayo inatatua mgogoro kwa wepesi usioaminika: watu waliotekwa akili wanapona kwa kusikiliza maneno. Benchi haisemi lolote kuhusu urembo, uzee wala thamani ya mwanamke, lakini yote hayo yamo. Isitoshe, haisukumi ploti mbele, na mwelekezi amesimulia hadharani kwamba alishauriwa kuiondoa akakataa, kwani aliiona kama moyo wa filamu. Nakubaliana naye. Mtahiniwa, ukiulizwa jinsi maudhui yanavyowasilishwa, usikimbilie tu mahali mhusika anapohutubu. Tazama pia matendo madogo.

Kuna kinaya kingine kilicho nje ya hadithi. Filamu inaikejeli kampuni ya Mattel, na Mattel ndiyo iliyoruhusu kejeli hiyo, kwa sababu kejeli huuza. Filamu ilipata zaidi ya dola bilioni 1.4, ikawa ya kwanza kwa mapato duniani mwaka huo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Barbie ilijitembeza kwa matangazo ya waridi kila pembe ya dunia, nayo si mbaya. Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza: kejeli inayolipiwa na anayekejeliwa inaweza kwenda umbali gani? Jibu langu ni kwamba inafika mpaka mlango wa duka na kusimama hapo. Hakuna onyesho linalomshauri mtoto asinunue mwanasesere.

Oppenheimer: nani anasimulia, nani amenyamaza

Filamu ya Christopher Nolan inamhusu J. Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyesimamia maabara ya Los Alamos iliyounda bomu la atomiki. Imetokana na wasifu ulioandikwa na Kai Bird na Martin J. Sherwin na kuchapishwa mwaka 2005. Inachukua muda wa saa tatu. Mnamo Machi 2024 ilitunukiwa tuzo saba za Oscar, zikiwemo za filamu bora, mwelekezi bora, na mwigizaji mkuu bora wa kiume, Cillian Murphy.

Hapa ndipo mwalimu atapata mfano mzuri wa mbinu rejeshi. Filamu haifuati wakati moja kwa moja. Ina vikao viwili: cha 1954, ambapo Oppenheimer alinyang'anywa kibali cha kushughulikia siri za serikali, na cha 1959, ambapo Baraza la Seneti lilimchunguza Lewis Strauss kabla ya kumnyima wadhifa wa Waziri wa Biashara. Kutoka katika vikao hivi tunarudishwa nyuma, hadi ujana wa Oppenheimer, maabara, na jaribio la bomu la tarehe 16 Julai 1945 katika jangwa la New Mexico.

Mtahiniwa wa kawaida ataandika: filamu imetumia mbinu rejeshi. Mkaguzi atauliza: kisha? Jibu ni kwamba kila kikao kina kumbukumbu zake. Yale anayoyakumbuka Oppenheimer yameonyeshwa kwa rangi. Yale yanayohusu mtazamo wa Strauss yameonyeshwa kwa nyeusi na nyeupe. Kwa hivyo mbinu rejeshi hapa inawashindanisha wasimulizi wawili. Mfano ni mazungumzo ya Oppenheimer na Einstein kando ya kidimbwi. Strauss aliyaona kwa mbali, na kwa kuwa Einstein alimpita bila kumsalimu, akaamini kwa miaka mingi kuwa walikuwa wakimsengenya. Tunayasikia maneno yenyewe mwishoni kabisa, na tunagundua kuwa hayakumhusu hata chembe. Walikuwa wakizungumzia uwezekano wa kuuangamiza ulimwengu. Taharuki ya saa tatu inaishia katika kinaya: mtu amejenga chuki ya maisha juu ya jambo lisilomhusu. Hiyo ndiyo kazi ya mbinu rejeshi katika filamu hii, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuelezwa.

Sauti nayo imetumiwa kwa ustadi. Tangu mapema tunasikia kishindo cha miguu ikikanyaga sakafu bila kujua inatoka wapi. Baada ya mji wa Hiroshima kupigwa bomu, Oppenheimer anaingia katika ukumbi wa Los Alamos kuwahutubia wafanyakazi, nao wanamshangilia kwa kukanyaga sakafu. Hapo tunajua. Kile kishindo kilikuwa kidokezi. Anapoendelea kusema maneno ya ushindi, anaona ngozi ya mwanamke ikibanduka usoni, na mguu wake unakanyaga maiti iliyoungua kama mkaa. Hilo ndilo onyesho kuu la filamu, kwani maneno yake na macho yake yanasema mambo mawili tofauti.

Tuje sasa kwa sauti zisizosikika. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945 na Nagasaki tarehe 9. Filamu haituonyeshi miji hiyo. Oppenheimer anapata habari kwa redio, nasi tunapata hapo hapo. Baadhi ya wahakiki walilaumu jambo hili, wengine wakalitetea. Watetezi wana hoja nzito: Nolan aliandika sehemu za rangi za mswada kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi wa nafsi ya kwanza hawezi kuona asichokiona. Hoja hii inaeleza kimya. Je, inakihalalisha?

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuuliza swali hilo kwa sauti. Katika filamu, kiasi cha madini kinachokusanywa kwa ajili ya bomu kinaonyeshwa kwa gololi zinazotiwa katika vyombo vya kioo. Gololi zinaongezeka, chombo kinajaa, kazi inasonga. Ni taswira nzuri, rahisi kueleweka. Lakini gololi hizo zinatoka wapi? Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, Kongo, wakati huo ikiwa koloni la Ubelgiji. Mgodi ulimilikiwa na kampuni ya Union Minière, nayo mawe yake yalikuwa na urani nyingi kupita kiasi cha kawaida. Waliochimba ni Waafrika. Katika migodi ya Katanga, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mawasiliano kati ya wafanyakazi wa makabila mbalimbali. Shinkolobwe haikupewa hata onyesho moja.

Sidai kuwa Nolan alilazimika kuihamishia filamu yake Katanga. Kila hadithi huchagua. Ninachodai ni kwamba uchaguzi ni sehemu ya maana, na mhakiki anaruhusiwa, tena anawajibika, kuutaja. Kwa maoni yangu Oppenheimer ni filamu bora zaidi ya msimu ule kwa upande wa muundo, na ni filamu inayomfanya mtazamaji ahuzunike kwa ajili ya mtu mmoja pale ambapo maelfu ya watu walistahili huzuni hiyo. Kauli zote mbili ni kweli kwa pamoja. Mtahiniwa asiogope kusifu na kukosoa katika aya moja, mradi kila kauli iwe na ithibati yake.

The Bear: maana ya mhusika kukua

Kwa upande wa runinga, kazi iliyonivutia zaidi ni msimu wa pili wa The Bear, uliotoka tarehe 22 Juni 2023, vipindi vyote kumi kwa mpigo. Mandhari ni mji wa Chicago. Mpishi Carmy anaugeuza mkahawa duni wa familia uwe mkahawa wa hadhi. Pamoja naye yumo Richie, anayeigizwa na Ebon Moss-Bachrach, rafiki wa zamani wa familia, mwenye domo kubwa, mgomvi, asiyejua nafasi yake pindi mambo yanapobadilika.

Miongozo hutufundisha kutofautisha wahusika bapa na wahusika duara. Watahiniwa hukariri fasili na kusahau kuuliza: ni nini hasa kilichombadilisha mhusika, na tunalijuaje? Tazama jinsi Richie anavyobadilishwa. Katika kipindi cha saba anatumwa kwa wiki moja katika mkahawa wa kifahari. Kazi anayopewa ni kupangusa uma mmoja baada ya mwingine. Anadhani anaadhibiwa. Wakati huo huo aliyekuwa mkewe anamwarifu kuwa anatarajia kuolewa tena. Polepole anaona kwamba wenziwe wanauheshimu uma kwa sababu wanamheshimu atakayeula nao. Anaanza kuvaa suti. Anaanza kusikiliza. Hakuna anayemhutubia kuhusu umuhimu wa kubadilika.

Ithibati ya mabadiliko hayo inakuja katika kipindi cha mwisho. Carmy anafungiwa ndani ya jokofu kubwa usiku wa ufunguzi, na jikoni mambo yanakwenda mrama. Richie ndiye anayeshika usukani wa kupanga maagizo na kuituliza timu. Mtu wa mwanzo wa hadithi asingeweza kufanya hivyo. Hapo ndipo tunaposema mhusika amekua.

Mpangilio wa vipindi nao una maana. Kipindi cha sita, kinachotangulia kile cha uma, ni mbinu rejeshi tupu: Krismasi ya miaka kadhaa nyuma, nyumba imejaa jamaa, mama anapika huku akilia na kufoka, na hatimaye anaugonga ukuta wa nyumba kwa gari. Humo tunamwona Richie akiwa na mke mjamzito, akiomba kazi kwa unyonge. Tukivuka kwenda kipindi cha saba tunajua alichokipoteza. Bila kipindi cha sita, Richie angekuwa kichekesho tu. Kama ulisoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, mrudie Yona kwa jicho hili. Usiseme tu kuwa amebadilika. Onyesha alivyokuwa, onyesha kinachomsukuma, kisha utaje tendo ambalo Yona wa awali asingelitenda.

Indiana Jones: marudio yasiyo na haja

Ili usidhani kuwa nasifu kila kitu, nitaje filamu iliyonichosha. Indiana Jones and the Dial of Destiny ilitoka Marekani tarehe 30 Juni 2023. Ni ya tano katika mfululizo ulioanza 1981. Harrison Ford alikuwa na umri wa miaka 80 filamu ilipotoka. Sehemu ya kwanza inarudi mwaka 1944, na uso wake umefanywa wa kijana kwa kompyuta. Sura ni ya kijana, sauti ni ya mzee. Mtazamaji anakodolea uso macho badala ya kufuata hadithi.

Hata hivyo kuna onyesho moja la kweli. Ni mwaka 1969. Mzee Jones anaamshwa na muziki wa majirani vijana wanaosherehekea safari ya mwezini, anashika gongo na kwenda kuwalalamikia akiwa nusu uchi. Ulimwengu unatazama mbele, yeye alifundisha mambo ya kale, na siku hiyo ndiyo anayostaafu. Dhamira ya uzee imo yote katika dakika hizo chache. Kisha filamu inaiacha na kurudia kufukuzana kwa magari. Hapa kuna somo kwa mtahiniwa: hata kazi dhaifu yaweza kuwa na sehemu imara, na mhakiki mwema huitambua.

Kizazi Moto: jina letu, sauti ya nani?

Tarehe 5 Julai 2023 ulitoka mkusanyiko wa filamu kumi fupi za vibonzo uitwao Kizazi Moto: Generation Fire, katika huduma ya Disney+. Ulisimamiwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini, na waelekezi wake walitoka Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Kenya, Nijeria na Misri. Kila filamu ina takriban dakika kumi na inaiwazia Afrika ya siku zijazo. Miongoni mwao mna Enkai ya Ng'endo Mukii wa Kenya, iliyochota jina lake katika imani ya Wamaasai kuhusu Mungu, na Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, inayowachukua wachungaji wa ng'ombe na kuwaweka katika Uganda ya kesho.

Mkusanyiko huu unasomeka kama diwani ya hadithi fupi, nao unaweza kumsaidia mwalimu anayefundisha hadithi fupi. Mtahiniwa atauliza: hadithi kumi zinaunganishwa na nini? Ninaona uzi mmoja katika nyingi yazo: kijana aliyesimama kati ya mila ya wazee na chombo kipya, akitakiwa kuchagua. Zilizo bora hukataa uchaguzi huo na kuonyesha kuwa mila yenyewe inaweza kuwa chombo kipya. Herderboy ni mojawapo, kwa kuwa teknolojia yake imechipuka katika uchungaji wenyewe. Udhaifu wa baadhi ni uharaka. Dakika kumi hazitoshi kueleza ulimwengu mzima, mgogoro wake na suluhisho, na mara nyingine suluhisho linakuja kwa sadfa.

Tutafakari jina. Kizazi moto ni sahihi kisarufi, kama tusemavyo maji moto. Filamu nyingine katika mkusanyiko huo, iliyotoka Afrika Kusini, inaitwa Hatima. Kiswahili kimechaguliwa kuliwakilisha bara zima, jambo la kutia moyo. Lakini fungua mlango uingie: mazungumzo kwa kiasi kikubwa ni ya Kiingereza. Aidha, kazi hii ilipotoka, huduma ya Disney+ ilikuwa haijaanzishwa rasmi nchini Kenya wala Tanzania. Jina la Kiswahili liliwafikia watazamaji wa Marekani na Ulaya kabla ya wenye Kiswahili. Hicho ndicho kinaya cha hali, na ni kikali kuliko chochote kilicho ndani ya hadithi zenyewe.

Najua baadhi ya wenzangu watasema tusizikosoe kazi za kwetu, tuzipe moyo kwanza. Sikubaliani. Uzalendo si kigezo cha uhakiki. Msanii wa Nairobi au Kampala anastahili kusomwa kwa makini sawa na yule wa Hollywood, na kumsifu bila kumsoma ni kumdharau.

Mgomo wa waandishi

Jambo la mwisho halikuonekana kwenye skrini. Tangu tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba 2023 waandishi wa filamu na runinga wa Marekani waligoma, siku 148. Waigizaji walijiunga nao tarehe 14 Julai, wakagoma hadi 9 Novemba. Waigizaji wa Oppenheimer waliondoka katika uzinduzi wa filamu yao London tarehe 13 Julai, mgomo ukikaribia kutangazwa. Walidai malipo ya haki kutoka kwa huduma za intaneti, na walidai kinga dhidi ya akili bandia. Mkataba wa waandishi uliofikiwa Septemba uliweka bayana kuwa maandishi yaliyotolewa na mashine hayatahesabiwa kuwa kazi ya fasihi.

Mambo hayo yanatuhusu. Waandishi wale walipigania wazo kwamba nyuma ya hadithi lazima awepo mtu aliyeona, aliyeumia, aliyechagua. Sisi walimu tunapigania wazo hilo hilo upande wa jibu la mtihani. Insha iliyonakiliwa kutoka mwongozo, au iliyotolewa na mashine, yaweza kuwa na hoja sahihi zote lakini isiwe na msomaji ndani yake. Nimesahihisha insha za darasa zima zilizotaja hoja zile zile sita kwa mpangilio ule ule. Sikujifunza ni nani kati yao alikuwa ameisoma riwaya.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, mwongozo una nafasi yake, nami naandika huku mwingine ukiwa mezani pangu. Lakini uje baada ya maoni ya mwanafunzi, usije kabla. Mwache aseme kwanza alichopenda na alichochukia katika kitabu teule kwa uhuru ule ule anaotumia kuzungumzia sinema. Kisha umuulize maswali matatu: umeona wapi? Mbinu hiyo inafanya kazi gani? Ni nani hajapewa nafasi ya kusema? Akiyajibu kwa maandishi, amehakiki.

Nawe mtahiniwa, usiyaone haya maoni yako. Yatafutie ithibati, uyaweke mbele ya mtahini.

Maswali ya kudurusu

1. Chagua tendo moja dogo lisilo na maneno mengi katika kitabu teule chochote, ueleze jinsi linavyowasilisha dhamira kuliko hotuba ya mhusika. (alama 10)

2. Mbinu rejeshi isipofanya kazi ni pambo tu. Jadili kauli hii kwa kurejelea sehemu mbili za kitabu ulichosoma. (alama 20)

3. Tambua mhusika au kundi linalotajwa bila kupewa nafasi ya kusema katika tamthilia au riwaya uliyosoma. Kimya hicho kina athari gani kwa maana ya kazi nzima? (alama 10)

4. Taja udhaifu mmoja wa kitabu teule unachokipenda, na ubora mmoja wa kile usichokipenda. Toa ithibati. (alama 10)